Uchambuzi wa kisa: Kushusha boksi la stelingi kwenye pikapu ya zamani

Kisa hiki kimetokea kwenye gereji moja jijini Mbeya. Mimi hufundisha vijana ufundi wa magari, na gari hili nililifuatilia tangu linaingia gereji hadi linatoka. Jina la gereji, la mwenye gari, namba na aina ya gari nimeyaondoa. Kazi yenyewe nimeieleza jinsi ilivyokwenda, pamoja na pale ilipokwama.

Gari na historia yake

Ni pikapu ya dizeli, foo-wili, iliyotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ina springi za majani mbele na nyuma, eksili ngumu mbele, na haina eabegi. Kazi yake ni viazi. Hupanda tupu barabara ya Isyonje–Kikondo kuelekea upande wa Kitulo, na kushuka na magunia hadi Uyole. Anayeijua njia ile anajua masika ni tope na makorongo, kiangazi ni vumbi na mawe, na mwaka mzima ni kona. Boksi la stelingi, lile linalopokea mzunguko wa usukani na kuugeuza uwe mwendo wa kukata matairi, kwenye gari la namna hii limefungwa kwa bolti nne ubavuni mwa chesisi, mbele kabisa, na kila shimo linalopigwa na tairi la mbele linafika pale kupitia draglinki, fimbo inayotoka upande wa matairi, na pitmani, mkono wa chuma uliofungwa chini ya boksi.

Mwenye gari, mzee wa makamo, alileta malalamiko mawili. La kwanza, stelingi inavuja. La pili alilieleza hivi: "Kijana wangu, nikikata kona hairudi. Lazima niirudishe mwenyewe kwa mikono." Fundi mkuu akamuuliza kama kuna mtu ameishika kabla. Mzee akakubali. Usukani ulikuwa unacheza, gereji nyingine ikakaza skrubu iliyo juu ya boksi, mchezo ukapungua, lakini tangu hapo usukani ukaanza kushika, yaani kuwa mzito, katikati.

Kisha akafungua mlango na kutoa chupa mbili alizokuwa akiongezea. Moja ilikuwa ATF, oili ya gia otomatiki inayotumika pia kwenye stelingi, ile nyekundu. Ya pili ilikuwa breki fluidi. "Hiyo nilipewa dukani siku nyekundu imeisha."

Chupa hiyo ya pili ilieleza nusu ya ugonjwa. Sili za stelingi za gari hili ni za mpira unaostahimili oili ya madini, na breki fluidi ya kawaida huzivimbisha na kuzilainisha. Sili iliyokuwa inavuja kidogo ikishakutana nayo haitapona tena, hata ukiimwaga yote na kuweka ATF mpya.

Uchunguzi kabla ya spana

Hapa ndipo gereji hii ilinifurahisha zaidi. Hakuna aliyekimbilia boksi. Walianza kwa kuosha boksi na chesisi inayolizunguka kwa dizeli na brashi, kisha maji ya sabuni, wakapuliza upepo mpaka pakauka. Injini ikawashwa, kijana mmoja akawa anazungusha usukani kulia na kushoto, fundi mkuu yuko chini na tochi. Oili ilionekana ikitokea sehemu mbili: chini ya boksi inapotokea shafti ya pitmani, na kidogo kwenye nati ya paipu ya presha, inayoleta oili kutoka kwenye pampu. Bila kuosha kwanza, sehemu ya pili isingeonekana kabisa, maana pote palikuwa peusi.

Kisha wakatafuta mchezo unatoka wapi. Injini imezimwa, matairi yako chini, mtu anatikisa usukani kidogo kulia kushoto. Aliye chini anaweka kidole kwenye kiungo kimoja kimoja: kaplingi ya shafti ya usukani (kiungo chake na boksi), shafti inayoingia kwenye boksi, pitmani, boli jointi za draglinki, kisha anaweka kiganja nusu kwenye boksi na nusu kwenye chesisi. Kiganja kikasema kitu ambacho macho hayakuona: boksi lenyewe lilikuwa linasogea. Ilikuwa kiasi kidogo sana, lakini chesisi ilikuwa imetulia na boksi linatembea.

Fundi mkuu alimwita kila kijana aje aweke mkono pale. Halafu akawaonyesha washa ya bolti ya juu ya nyuma. Kuizunguka kulikuwa na unga mwembamba wa kutu, wa rangi ya matofali, wakati bolti nyingine zilikuwa na uchafu mweusi wa kawaida. Chuma kinachosuguana na chuma hutoa unga ule. Maana yake bolti ilikuwa imelegea siku nyingi.

Kwa hiyo skrubu ya juu ilikazwa kuponya mchezo ambao sehemu yake kubwa haikutoka ndani ya boksi. Ndani ya boksi la aina hii kuna shafti ya kuingilia yenye njia za gololi, nati inayopanda na kushuka juu ya gololi hizo, na meno ya nati hiyo yanashikana na meno ya shafti ya pitmani. Meno ya shafti ya pitmani yamekatwa kwa mshazari, na skrubu huisukuma shafti ili yaumane zaidi. Kiwandani huwekwa yaumane kidogo katikati tu, huku pembeni kukiwa na nafasi. Ukikaza kupita kiasi, usukani unashika katikati, pale linapokwenda moja kwa moja, na matairi yanashindwa kurudi baada ya kona. Kwa dereva anayeshuka Isyonje na magunia nyuma, hilo ni jambo la hatari.

Kwa nini waliamua kulishusha

Kulikuwa na njia ya mkato: kutoa pitmani tu, kubadilisha sili ya chini boksi likiwa kwenye gari, kukaza bolti na kulegeza skrubu. Mzee aliitaka njia hiyo, kwa sababu kesho yake alikuwa na mzigo. Fundi mkuu alikataa kwa sababu mbili nilizoziona za haki. Bolti iliyocheza muda mrefu huenda imeshapanua tundu au kuipasua chesisi nyuma ya boksi, na hapo hapaonekani boksi likiwepo. Pia skrubu ilishakazwa na mtu asiyejulikana, kwa nguvu isiyojulikana. Meno yaliyoumia hayajulikani mpaka boksi lifunguliwe.

Lakini akamwahidi mzee kwamba boksi litashuka na kupanda "kesho jioni". Ahadi hiyo nitairudia.

Kabla ya kuanza, aliwaambia vijana maneno ambayo ningependa kila gereji iyaseme kwa sauti kabla ya kazi ya namna hii. Alitaja vitu vinavyoruhusiwa kufa na visivyoruhusiwa. Bolti zife. Paipu ife. Pitmani ikibidi ife, inapatikana mtumba. Shafti ya boksi na shafti ya usukani zisiguswe na nyundo kabisa.

Kushusha

Maandalizi yalikuwa ya kawaida, ila yalifanywa vizuri. Sakafu ya gereji ni udongo, kwa hiyo chini ya stendi walitanguliza mbao nene. Matairi yakanyooshwa, usukani ukafungwa na kamba kwenye kiti usizunguke. Waya hasi wa betri ukatolewa. Alama za senta panchi, chuma chenye ncha cha kupigia vidoti, zikapigwa kwenye kaplingi na shafti yake, na kwenye pitmani na ncha ya shafti. Rangi hufutika kwa dizeli, panchi haifutiki. ATF ikamwagwa kwenye sahani nyeupe. Ilitoka kahawia inayonuka kuungua, na ulipoinamisha sahani juani uliona vumbi la chuma likimetameta.

*Paipu.* Nati ya paipu ya presha ilikuwa imeshika kutu. Kijana alipachika spana ya mdomo wazi akaivuta, spana ikateleza na kula kona moja ya nati. Fundi mkuu akasimamisha kazi palepale. Hawakuwa na spana ya paipu, ile ya ringi iliyokatwa mdomo. Wakachukua spana ya ringi kuukuu ya saizi ileile na kukata upenyo kwa grainda, upana wa paipu tu, kisha wakalainisha kingo kwa tupa. Inapita kwenye paipu, inakaa kwenye nati, inashika kona tano kati ya sita. Nati ikalowekwa oili ya kulegeza kutu na kuachwa ilale. Asubuhi ilifunguka kwa mvuto mmoja. Matundu ya boksi na ncha za paipu zikazibwa kwa vipande vya mpira na vitambaa safi. Vumbi la Mbeya ni jepesi, linaingia popote, na punje moja ndani ya vali ya boksi inatosha kuleta shida.

*Pitmani.* Hapa ndipo muda ulipokwenda. Nati kubwa ilitoka kwa soketi na bomba refu, lakini mkono wenyewe haukutikisika. Pitmani hukaa kwenye meno yaliyochongwa kwa mshazari. Miaka ya kukazwa na kutu huifanya iwe kama kitu kimoja na shafti. Wakajaribu pula ya miguu miwili, ile ya kutolea beringi. Miguu ikapanuka, ikateleza, ikaacha mkwaruzo kwenye kingo.

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, akainuka. "Fundi, si uipige tu kwa chini?" Vijana wawili walikuwa wameshashika nyundo. Ni kweli inaweza kutoka hivyo, na wengi wameitoa hivyo. Lakini shafti ile inashikiliwa juu na skrubu ileile ya kurekebishia, na kila pigo la kutoka chini linaishia kwenye kichwa cha skrubu na mfuniko wake. Njiani linapita kwenye beringi na meno. Pia linaipanua ncha yenye nyuzi, na nati haiingii tena. Moto wa gesi nao ulitajwa. Ukakataliwa: sili iko sentimita chache juu ya pale, na oili ilikuwa imelowesha kila kitu.

Fundi mkuu alimjibu mzee kwa upole: "Baba, nikiipiga itatoka leo. Boksi utalinunua kesho." Mzee akakaa.

Kijana akatumwa gereji ya malori upande wa Iyunga kuazima pula ya pitmani yenyewe, ile yenye mwili mzito wa umbo la U unaoshika mkono kutoka nyuma. Nati ikarudishwa kwenye shafti kwa nyuzi chache, ili kulinda nyuzi na kuuzuia mkono usiruke usoni kwa mtu utakapoachia. Pula ikakazwa mpaka ikawa ngumu. Kisha nyundo mbili: moja nzito ikashikiliwa ubavu mmoja wa jicho la pitmani, ya pili ikapiga ubavu wa pili. Pigo linaingia kwenye jicho la mkono, si kwenye shafti. Likapigwa mara kadhaa, pula ikaongezwa robo mzunguko, pakaachwa. Wakaenda kula. Waliporudi wakaongeza tena robo, na mkono ukaachia kwa mlio mkali, ukagota kwenye nati. Mzee aliusikia akiwa nje.

*Bolti ya nne na kaplingi.* Bolti tatu zilitoka. Ya nne, ileile yenye unga wa kutu, ilizunguka bila kutoka. Ilikuwa imeoza ndani ya bomba la chesisi. Haikubembelezwa sana. Boksi lilishikiliwa na jeki yenye kipande cha mpira juu yake, bolti ikakatwa kwa msumeno wa chuma katikati ya boksi na chesisi, na kilichobaki kikatolewa baadaye kwa kutoboa.

Bolti ya kaplingi ilitolewa yote, si kulegezwa tu, kwa sababu inapita kwenye mfereji wa shafti na kuifunga isichomoke. Kaplingi ilikuwa ngumu. Wakapanua mpasuko wake kwa patasi nyembamba mpaka ikateleza. Kugonga hapa kuna hatari nyingine: shafti za usukani za magari mengi ya enzi hizi zimetengenezwa zijikunje kwenye ajali ili zisimchome dereva, na nyundo inaweza kuzianzisha kujikunja bila ajali yoyote.

Chini ya boksi

Boksi lilipotua, chesisi ikafutwa. Kutoka kwenye tundu la bolti ya nne kulikuwa na ufa, urefu wa kidole cha shahada, ukielekea chini.

Mzee aliuangalia kwa muda bila kusema kitu, kisha akauliza, "Hili lingekatikia wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Ufa ulitobolewa tundu dogo kwenye ncha yake ili usiendelee kutembea, ukachanwa kwa grainda, ukachomelewa na fundi anayechomelea chesisi za malori, kisha bamba likaongezwa kwa ndani. Boksi lilikuwa limeshashuka wakati huo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: umeme wa kuchomelea ukipita kwenye gololi na beringi huziunguza.

Ndani ya boksi, sili ya chini ilikuwa imevimba kama haragwe lililolowekwa usiku kucha. Iliminyika kwa vidole. Gololi zilikuwa salama, shafti haina kovu. Meno ya katikati yalikuwa yamelika, na juu yake mng'ao wa kukazwa kupita kiasi.

Matokeo

Boksi lilifungwa na sili mpya zote. Katika kurekebisha skrubu, fundi mkuu alilipima benchi kwa kulizungusha kwa mkono mwanzo hadi mwisho, akaiacha pale ambapo halishiki popote. Mchezo mdogo ukabaki katikati. Meno yaliyolika katikati hayana tiba ya skrubu: ukiuondoa mchezo wa katikati, pembeni panafunga. Mzee aliambiwa hivyo waziwazi, na kwamba aanze kuweka akiba ya boksi jingine.

Kurudisha: bolti nne mpya zenye alama 10.9 kichwani, yaani za chuma kigumu, si za kawaida zisizo na alama. Boksi likawekwa katikati kwa kuhesabu mizunguko mwisho hadi mwisho na kurudisha nusu, alama za panchi zikalingana. Nati ya pitmani ilikazwa kwa spana ya kipimo, karibu Nm 180. ATF ikajazwa, mbele ikanyanyuliwa, usukani ukazungushwa taratibu mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, huku mtu akiongeza oili, mpaka mapovu yakaisha. Ndipo injini ikawashwa. Hawakuushikilia mwishoni zaidi ya sekunde chache. Pampu hufika presha yake ya juu pale na oili huchemka.

Gari lilitoka siku mbili baada ya ahadi. Kwenye kona usukani ulirudi wenyewe. Lakini wiki hiyohiyo mzee alirudi: nati ya paipu ya presha ilikuwa inatoa matone.

Uchambuzi

Uamuzi uliookoa kazi hii ni ule wa kutaja mapema nini kife. Nimeona mafundi hodari wakiharibu boksi zima saa kumi na moja jioni, si kwa kutojua, bali kwa sababu uamuzi wanaufanya nyundo ikiwa mkononi na mteja amesimama nyuma yao. Hapa swali lilishajibiwa asubuhi. Mzee alipotaka pitmani ipigwe, fundi hakuwa na haja ya kufikiri upya.

Kuweka kiganja kati ya boksi na chesisi kulichukua chini ya dakika moja, na ndiko kulikofichua ufa. Ningependa iwe hatua ya lazima kwa kila pikapu ya zamani yenye eksili ngumu inayolalamikiwa kucheza usukani, kabla mtu hajagusa skrubu. Skrubu ile inavutia kwa sababu inafikika ukisimama, kwa spana na bisibisi tu.

Ahadi ya "kesho jioni" ilikuwa kosa, na ilizaa shinikizo lote lililofuata. Kutu haina ratiba. Kwa gari la miaka 30 lililoishi kwenye tope, mteja aambiwe kwamba kushusha peke yake kunaweza kula siku nzima, na bei ya paipu na bolti itajwe tangu mwanzo kama matumizi ya hakika. Mzee huyu angeazima gari la kubebea mzigo wake mapema, badala ya kukaa kwenye benchi akihesabu saa.

Paipu ndiyo iliyoshindwa, na ilishindwa pale spana ya mdomo wazi iliposhikwa kwanza. Nati iliyoliwa kona haikukazika vya kutosha, na hapo panapita oili ya presha inayoweza kuzidi bar 70. Fundi mkuu aliiorodhesha paipu miongoni mwa vitu vinavyoruhusiwa kufa, kisha ilipokufa akairudisha kwenye gari. Nadhani ni kwa sababu ilionekana bado inafungika na mzee alikuwa ameshatumia pesa nyingi kwenye chesisi. Naielewa huruma hiyo, ila matokeo yake ni kwamba alilipa ATF mara mbili na kupoteza safari. Spana ya ringi iliyokatwa ilitakiwa itengenezwe kabla ya jaribio la kwanza. Kazi yenyewe ni ya robo saa.

Paipu ilibadilishwa kwa hozi mpya iliyobanwa ncha kwa mashine, na uvujaji ukaisha. Siku hiyo bolti nne za boksi zilijaribiwa tena kwa spana ya kipimo, kama alivyoagizwa mzee afanye baada ya mizigo ya kwanza. Moja iliingia kidogo kabla ya spana kutoa mlio. Zikawekewa alama ya rangi nyeupe kutoka kichwani hadi kwenye chesisi, na mzee akaonyeshwa jinsi ya kuinama na kuitazama kila anapopakia.